Nilisema Naikubali

Nyumbani kwetu Olenguruone hakuna kitu kilichoanza bila kufunguliwa kwa maombi, wala kilichoisha bila kufungwa. Chai ilifunguliwa. Safari ya kupeleka viazi sokoni ilifunguliwa. Hata kikao cha kugombana juu ya mpaka wa shamba kilifunguliwa kwa maombi, watu wakatukanana vizuri, kisha kikafungwa kwa maombi. Mwenye kuamua nani afungue na nani afunge alikuwa Baba peke yake. Hakutaja jina. Aliinua kidevu kidogo upande wako, akafumba macho, na wewe ukajua ni zamu yako.

Baba hayupo tena, na katika mambo yote aliyoniachia, hilo la kidevu ndilo linaloniuma zaidi. Nitaeleza kwa nini, na sitajaribu kuwa mpole.

Nilipokuwa mdogo kidevu kilinielekea mimi mara nyingi kuliko ndugu yangu. Sababu mojawapo ilikuwa tumbo. Ndugu yangu, ambaye ni mkubwa wangu, akipewa nafasi aliomba kuanzia uumbaji mpaka kiama, huku chai ikifanya utando na ugali ukijikausha. Mimi nilikuwa wa maneno machache. Baba aliwaambia wageni, "Huyu mama anaombea chakula kikiwa bado moto." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, na kwetu baba akikuita hivyo anakupa sehemu ya heshima ya aliyemzaa. Wageni walicheka. Lakini nilijua, hata kwa akili ya mtoto, kwamba chini ya utani kulikuwa na jambo jingine: Baba aliona kwamba Mungu ananisikia. Mtoto akishajua hilo hatembei kama watoto wengine.

Nilisoma biolojia chuo kikuu huko Njoro, kisha nikaanza kufundisha shule ya upili ya wasichana mjini Nakuru, nikapanga nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la mji, mtaa wa Bondeni, ambako naishi mpaka leo. Likizo zikifika nilipanda milima ya Mau kwenda kumsaidia Baba na ng'ombe wake. Mama alikuwa ameshafariki, na Baba hakupenda kuajiri watu. Alisema mtu wa kuajiriwa humwogesha ng'ombe kama anaosha gari.

Likizo moja nilimkuta amefura kwa hasira. Alikuwa akipuliza dawa ya kupe, ile ile aliyoitumia miaka yote, na kupe walikuwa wamejishikiza masikioni mwa ng'ombe kana kwamba wamenyeshewa na manyunyu tu.

"Hii kupe imezoea dawa," aliniambia. "Imezoea vile mlevi huzoea pombe."

Nikamwambia, pampu ikiwa mgongoni mwangu, kwamba kupe hajazoea kitu. Ukipuliza, wengi wanakufa. Lakini wapo wachache waliozaliwa wagumu, walivyojaliwa tu, nao wanabaki. Wanaobaki ndio wanaozaa, na watoto wao wanawafuata kwa ugumu. Ukipuliza tena unaua wanyonge waliosalia na kuwaachia wagumu ng'ombe mzima. Ukiendelea hivyo, kizazi baada ya kizazi, unabaki na kupe asiyekufa.

Baba aliweka ndoo chini. Hakuwa mtu wa haraka. Alimtazama ng'ombe, akautazama mkebe wa dawa.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Ni mimi nimewachagua."

"Ndio, Baba. Wewe na dawa yako."

"Vile nachagua fahali."

"Vile vile. Tofauti ni kwamba hawa hukuwataka."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Alibadilisha dawa, na wiki nzima akawa anawaeleza wenzake pale wanapokusanyia maziwa, hata wale waliokuwa wanataka kwenda zao. Hakuna aliyemwambia kwamba anapotea. Jambo lenyewe lilikuwa halina jina, na kwetu jambo lisilo na jina halimtishi mtu. Lilikuwa habari ya kupe tu.

Wakati huo ndugu yangu alikuwa mchungaji wa kanisa letu. Sitaki kuudharau wito wake. Watu walimpenda, na akienda kumwona mgonjwa alikaa, hakuwa wa kuchungulia mlangoni na kuondoka. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja wa tangu ujana: kipaza sauti kikiwa mkononi mwake, haki ilimtoka mdomoni. Alitaka kicheko cha watu kuliko kitu kingine chochote, na kicheko lazima kiwe na mtu wa kuchekwa.

Alinipigia simu akaniomba niende kuzungumza na vijana katika semina ya likizo. Mada ilikuwa imani na sayansi. "Hawa watoto wanarudi kutoka shule wamechanganyikiwa," alisema. "Kuja uwaeleze, dada. Wewe ni wetu." Nilifurahi kama mjinga. Nilinunua hata kitambaa kipya cha kichwa.

Kanisa lilijaa. Vijana mbele, wazazi nyuma, na Baba pembeni ya madhabahu kwenye viti vya wazee wa kanisa, kofia magotini. Nilianza inavyotakiwa. Nikasema Bwana asifiwe, nikasema nimeokoka na nampenda Yesu, kwa maana kwetu asiyeanza hivyo, hata akitangaza kwamba nyumba inaungua, watu hukaa kwanza na mashaka. Tena nilikuwa nasema kweli. Mpaka leo ni kweli, na hilo ndilo linalowaudhi watu. Kama ningeasi kabisa wangenihurumia, wakaniwekea siku ya kufunga na kuniombea. Mtu anayesali na bado anafundisha mageuko hawajui wamweke kapu gani.

Niliwaeleza habari za kupe. Niliwaeleza jinsi wataalamu wanavyosoma mifupa na mawe, na kwamba sisi wa Bonde la Ufa hatuna haja ya kwenda mbali, kwani mawe yaliyochongwa na watu wa kale yako hapo chini upande wa Elmenteita. Nikasema wazi, kwa sababu nilikuwa nimeombwa kusema ukweli, kwamba nadharia hii ya mageuko nayo inaegemea mambo ambayo mtu hawezi kukuwekea mezani ukayashika. Tunachukulia kwamba tabaka la chini la udongo lilitangulia lile la juu. Tunachukulia kwamba mvua na moto na mawe vilikuwa na tabia hizi hizi kabla hatujazaliwa. Hatukuwepo. Lakini mkulima wa Keringet anayefukia kiazi ardhini naye anachukulia kwamba kitaota kiazi, na hakuna aliyemthibitishia ya msimu huu. Anafukia, kisha anakwenda kutazama. Kuchukulia jambo si dhambi, niliwaambia. Dhambi ni kukataa kwenda kutazama.

Wazee waliitikia kwa vichwa. Baba pia aliitikia. Niliona, na ndugu yangu aliona.

Akasimama na kipaza sauti cha pili. "Bwana asifiwe. Mwalimu ametuambia hiyo kitu inaitwa aje? Nadharia. Hebu tuangalie hilo neno. Na-dha-ria. Iko na nini ndani yake? Iko na dhana. Na dhana ni ya kufanya nini?"

"Kudhani," vijana wakaitikia.

"Kudhani. Sasa nyinyi mlikuja hapa kujua ama kudhani?"

Kanisa likaangua kicheko. Nami nilitabasamu kwa adabu. Kiswahili nilikiacha kidato cha nne, na neno lile kwa kweli lilifanana na kudhani kama mtu na binamu yake.

Hapo msichana mmoja wa safu ya mbele, aliyevaa sweta ya shule, akainua mkono. Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kama wanavyouliza wanafunzi wangu. "Mwalimu, na wewe unaamini evolution?"

Nikajiona mjanja. Niliwaza: neno kuamini nitamwachia Mungu peke yake, lisichanganywe na habari za kupe. Nikajibu polepole ili hata wa nyuma wasikie. "Mimi namwamini Mungu. Evolution siiamini. Naikubali."

Aliyekulia makanisa ya huku ameshashika kichwa. Kwa wengine nieleze. Kwetu mtu akisimulia siku aliyookoka, hasemi aliamini. Anasema alimkubali Yesu. Mimi nilimkubali nikiwa darasa la saba. Jirani yetu mlevi alimkubali akiwa amelazwa. Mahubiri yakiisha, mhubiri anauliza swali moja tu: nani leo anataka kumkubali? Kuamini ni neno dogo. Hata shetani anaamini, wanatuambia, na haimsaidii. Kukubali ndiko kunakookoa. Na mimi, mbele ya kanisa zima, nilikuwa nimelichukua neno dogo nikampa Mungu, na lile kubwa nikalipeleka kwa kupe.

Nilijua kabla sijafunga mdomo. Ndugu yangu naye alijua nilichomaanisha. Tulilala chumba kimoja utotoni, tulifundishwa sala na mama mmoja, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kusema, jamani, dada amepotoka ulimi, mwacheni aeleze. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake aliinua kipaza sauti.

"Mmesikia na masikio yenu. Sisi tumemkubali Yesu. Dada yangu amekubali nyani."

Sijawahi kusikia kanisa likicheka vile. Mama mmoja alijifuta machozi kwa leso. Nilijaribu kusema, na kipaza sauti changu kilikuwa kimezimwa, sijui na nani. Nikamtafuta Baba kwa macho. Hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama ndani ya kofia yake kama mtu aliyeangusha kitu humo.

Mchana tulikula nyumbani na wageni. Ulipofika wakati wa kufunga, Baba aliinua kidevu. Kikaja upande wangu, kikapita, kikaenda kusimama kwa mgeni mmoja aliyekuja kuulizia fahali, mnywaji wa pombe ya busaa ambaye hata kanisani hakuwa amefika. Yule mtu alishtuka akiwa na nyama mdomoni. Akameza, akaomba. Nilipoinama kuondoa sahani, Baba akaniambia, "Asante, mwalimu."

Hakuniita mama tena.

Olenguruone ni mji mdogo na mzaha huko hauchachi. Kwa miaka nilikuwa mama nyani. Nikinunua viazi sokoni, wauzaji wanaulizana kwa sauti kama viazi vya leo vimeshageuka au bado. Niliwajibu kwa mzaha pia, kwa sababu ukikasirika ndio umewapa chakula. Lakini kila likizo nilipanda Mau na tumaini lile lile la kipumbavu. Nilikaa mezani kama mtoto anayengoja kuchaguliwa timu. Kidevu kilikwenda kwa mke wa ndugu yangu, kwa watoto wake, kwa mpita njia. Ndugu yangu naye alikaa hapo hapo, akila, akijua.

Siku moja nilishindwa. Nilimfuata Baba zizini.

"Baba, umenikasirikia?"

"Sijakasirika."

"Na mbona siku hizi huniambii niombe?"

"Sitaki kukusumbua na kitu hauna."

"Niko nayo, Baba. Naomba kila siku. Nakuombea wewe."

"Ulisema mwenyewe," akaniambia. "Kama ningeambiwa na watu ningekataa. Lakini nilikuwa hapo."

Nilianza kumweleza neno kukubali, kwamba nilitaka kumaanisha jambo limepimwa na mtu ameridhika nalo, si wokovu, si kitu cha rohoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, Kiswahili nakijua," akainua ndoo ya maziwa akaenda.

Baadaye sana nililisimulia jambo hili katika chumba cha walimu, kwa uchungu, na mwenzangu anayefundisha Kiswahili akaacha kusahihisha. Aliniuliza ni nani aliyesema nadharia inatokana na kudhani. Akasema haya maneno mawili hayana hata ukoo. Nadharia ni jamaa ya nadhari, na nadhari ni kutazama, ni kulitia jambo jicho. Nilikaa nikamkodolea macho. Kutazama. Ndicho nilichokuwa nimekisema pale mbele kwa mdomo wangu, kabla ndugu yangu hajanichezesha kwa silabi.

Nilimpigia simu saa ile ile. Alinisikiliza. "Dada," akasema, "hayo ni mambo ya Waarabu. Sisi huku tunasema kudhani." Na akacheka, si kwa ubaya, kwa namna ya mtu aliyesahau kabisa kwamba kuna kitu alichovunja. Nadhani ningemsamehe ubaya. Kule kusahau sijakusamehe.

Kisha ugonjwa wa sukari ukaula mguu wa Baba. Kidonda kilianza kwenye kidole, kikapanda. Ndugu yangu alimleta kwangu Bondeni kwa kuwa hospitali iko karibu, na kwa kuwa, alisema, mimi sina watu wengi nyumbani. Nilimwosha Baba kidonda. Nilimpikia mboga zisizo na mafuta, akazila bila kulalamika. Nilimfungulia redio ya mahubiri asubuhi. Kila nilipomfanyia kitu alinishukuru, asante, mwalimu, na alikuwa anashukuru kweli. Waumini walishuka kutoka Olenguruone wakiwa na maziwa, wakashikana mikono kumzunguka katika sebule yangu, wakaomba kwa zamu, nami nikawa jikoni nachemsha chai ya watu wote hao.

Alipolazwa, dawa ya kwanza haikufanya kazi. Muuguzi, msichana mwema mwenye sauti ya juu, alimwambia kwamba wamebadilisha dawa kwa sababu wadudu wa kidonda wamezoea ile ya kwanza.

Baba alitabasamu juu ya mto. "Sista, si kuzoea. Zile nyonge zimekufa. Ni zile ngumu zimebaki zikazaa."

"Mzee, kumbe umesoma."

"Nilifunzwa tu," akasema.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo nikiwa na chupa ya chai. Nilingoja aseme na nani. Alifunga macho akalala.

Dawa ya pili nayo haikutosha. Madaktari wakaamua mguu ukatwe. Siku ya upasuaji ule, ambamo Baba hakutoka hai, ndugu yangu alikuwa njiani kuja kumwombea. Kulikuwa na mvua kubwa huko juu, lori likalala barabarani karibu na Keringet, magari yakazuiliwa pande zote mbili. Tulikuwa tumebaki mimi na Baba. Ilikuwa mchana, na wagonjwa wengine walikuwa wanakula. Alikuwa ameshavishwa lile joho la hospitali lililo wazi mgongoni, na alikuwa anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akiogopa. Mikono yake ilikuwa inakusanya shuka.

"Baba," nikasema, "nikuombee?"

Hakukasirika. Alinitazama kwa upole, na afadhali angekasirika. "Mpigie mchungaji," akasema.

Nikapiga. Ndugu yangu alikuwa ndani ya gari, mvua ikipiga bati lake. Niliweka simu sikioni mwa Baba, sauti ikiwa juu, na Baba akafumba macho. Ndugu yangu alianza kama kawaida yake, kutoka uumbaji. Akafika kwa madaktari, akaomba mikono yao iongozwe. "Na umshike mtumishi wako, Bwana," akasema, "usimwache saa hii, umpitishe katika..." Simu ikanyamaza.

Baba alibaki amefumba macho. Alidhani mchungaji anavuta pumzi. Midomo yake ilikuwa tayari kwa amina. Nilitazama simu, netiwaki ilikuwa imekwenda. Nilipiga tena, haikuita. Baba alikuwa bado anangoja, na uso wake ulikuwa umeanza kutulia, na sikuweza kuuacha uso ule katikati ya sentensi. Nikainama karibu naye, simu ikiwa pale pale, nikaendelea kutoka pale ndugu yangu alipokatikia, kwa sauti ndogo, kwa maneno machache.

"Umpitishe salama, Bwana, umrudishe kwetu."

Baba akafungua macho. Akanigusa kifundo cha mkono, taratibu, kama unavyomzuia mtoto asishike kitu cha moto.

"Ngoja," akasema. "Netiwaki itarudi."

Tukangoja. Nilishikilia ile simu sikioni mwake mpaka walipokuja na machela.